Embe la Sita

Waliohudhuria: Bwana Albert, mwenyekiti wa Shule ya Jumamosi, Bwana Hemal, mwalimu anayesimamia watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi anakosoma Noëlla siku za wiki, Mama Marie-Claire, mzazi, Noëlla mwenyewe, mwenye umri wa miaka sita, na mimi, Jedidah, mwalimu wa darasa la wadogo.

Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Kwaya ilikuwa imeombwa isubiri koridoni mpaka tumalize, nayo ilisubiri kama kwaya zinavyosubiri, yaani kwa kuimba kichinichini. Ukumbi wetu uko nyuma ya kanisa moja la Peckham, juu ya saluni, na harufu ya dawa ya nywele hupanda mpaka kwenye ubao. Nilikuwa nimeifuta meza, nikapanga viti, nikaweka kadi zangu katika mafungu kwa mfuatano wake. Jambo lenyewe lilikuwa zito, na sikutaka lolote liharibike kwa uzembe.

Siku ya Jumatatu Bwana Hemal angeingia katika kikao cha shule yake na kupendekeza mojawapo ya mambo mawili: ama Noëlla abaki katika darasa alilomo, ama ahamishiwe kitengo cha watoto wenye matatizo ya kujifunza, kilichoko katika shule nyingine, ng'ambo ya mto, ambako angepelekwa kwa basi dogo asubuhi na mapema na kurudishwa jioni. Sisemi kwamba kitengo kile ni mahali pabaya. Wapo watoto waliookolewa nacho. Lakini mtoto asiyekihitaji akiingizwa humo, hutumia miaka akifundishwa alichokwisha kukijua, na hakuna anayegundua, kwa sababu kila mmoja anamtarajia asijue.

Noëlla alikuwa amefika kutoka Bukavu mwaka huo huo kuungana na mama yake. Shuleni walimpima kwa Kiingereza, na kila walipompa kujumlisha alishindwa. Bwana Hemal, aliyezaliwa Nairobi na kuletwa Uingereza akiwa kijana, alitaka kumwona akipimwa kwa lugha yake kabla hajaandika neno la mwisho.

"Kama ni lugha, tutajua," alikuwa ameniambia kwa simu. "Kama si lugha, pia tutajua."

Mimi mwenyewe nilikuwa simjui mtoto. Mama yake hufanya kazi ya usafi katika maduka ya Stratford, Jumamosi zikiwamo, na siku ile ilikuwa mara ya kwanza kumleta. Alikuja naye moja kwa moja kutoka kazini, angali amevaa fulana ya kampuni chini ya koti.

"Jambo, Madame," Noëlla alinisalimu, akaketi upande wa pili wa meza, uso kwa uso nami. Bwana Hemal aliketi karibu yangu, kalamu mkononi.

Kadi zangu nazichora mwenyewe. Kila kadi ina kundi la vitu upande wa kushoto, kundi jingine upande wa kulia, na alama ya kujumlisha katikati. Vitu ni vya aina moja na ukubwa mmoja, wala havigusani. Mtoto huhesabu kushoto, kisha kulia, kisha vyote pamoja. Siharakishi. Mtoto akiharakishwa hujifunza kuharakisha, hajifunzi kuhesabu.

Niliweka kadi ya kwanza.

"Noëlla, hapa kuna nini?"

"Maembe, Madame."

"Hesabu ya upande huu."

Aligusa moja baada ya jingine, bila kuruka. "Moja. Mbili. Tatu."

"Na ya upande huu?"

"Moja. Mbili."

"Vizuri sana. Sasa yote pamoja ni mangapi?"

Aliyatazama kwa macho tu, midomo ikichezacheza. Kisha akasema kwa uhakika kabisa, "Sita."

Kalamu ya Bwana Hemal ilisikika ikitembea. Niliweka kadi ya nyanya: nne huku, tatu huku. Kila fungu peke yake alilihesabu sawasawa. Nilipomuuliza jumla, alisema, "Nane." Nikarudi nyuma, kwenye kadi iliyo nyepesi kuliko zote, ambayo huwapa watoto wanaoanza: yai moja, na yai moja.

"Tatu," alisema Noëlla.

Nje kwaya iliendelea na wimbo wake.

"Labda mtoto ana njaa," alisema Bwana Albert kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. "Mwenye njaa anaona chakula kingi."

"Bwana Albert, tafadhali."

"Nimenyamaza, Bwana Hemal, nimenyamaza. Lakini hicho Kiswahili chako cha Nairobi kinatisha. Kinataka kumwandikia faini."

"Na chako kimevaa suruali ya Kifaransa," Bwana Hemal akajibu bila kuinua kichwa, na kwa nukta moja wote tulipumua. Kisha akanigeukia. "Ni kile kile tulichokiona sisi, Mwalimu. Ukimpa kundi moja, sawa. Ukiunganisha makundi mawili, anapotea. Anajua wimbo wa namba, lakini namba zenyewe hazijashikamana na vitu."

Maelezo hayo ni ya kitaalamu, na kwa mtoto mwingine nisingeyabisha. Lakini mtoto aliyepotea hupotea pande zote. Mara hupunguza, mara huzidisha, mara hutaja namba aliyoisikia mwisho. Noëlla alikuwa amezidisha moja, moja tu, mara tatu mfululizo. Kosa lenye nidhamu kiasi hicho nilikuwa sijapata kuliona.

"Anakosea kwa utaratibu," nikasema.

"Kukosea ni kukosea."

Hapo ndipo Mama Marie-Claire alipoinuka.

"Noëlla! Unafanya nini? Ku nyumba unahesabu sahani, unahesabu ngazi kama lifti imekufa, leo batu bako hapa unasema tatu? Yai moja na yai moja ni tatu? Angalia muzuri!"

Aliipiga meza kwa kiganja. Mafungu yangu yote ya kadi yaliruka na kutawanyika sakafuni. Noëlla aliikalia mikono yake.

"Mama Noëlla, usimkaripie," alisema Bwana Hemal. "Si kosa lake."

"Kama si kosa yake, munamupeleka wapi?" Sauti yake ilipanda. "Ule mutoto nilimuacha bado ananyonya. Nimemupata mwaka huu. Ananiita Mama lakini bado ananiangaliaka kama mugeni. Sasa munataka kunitolea yeye tena, asubuhi mpaka magaribi, mu basi ya batu sijue?"

"Hakuna anayemchukua, Mama."

"Basi itasimama ku mulango, itaondoka naye. Mi naita ile kuchukua."

Bwana Hemal aliitazama karatasi yake. Alikuwa mtu mwema, na hilo lilizidisha ugumu. Mtu mwema hafichi anachokiamini, na nilikiona usoni mwake.

Chuoni tulifundishwa kwamba hofu ya mzazi huambukiza, na kwamba ni heri mzazi akae nje wakati mtoto anapimwa. Nilimsogelea, nikamwomba kwa upole atoke kidogo.

"Sitoki, Madame," alisema. "Nilitoka mara moja. Ile ilitosha."

Sikumsihi tena. Alirudi hadi ukutani, akasimama hapo huku amejikumbatia. Nami nikapiga magoti kuokota kadi.

Ninazo seti mbili. Ya kwanza ni ya vyakula, ambayo huanza nayo siku zote kwa sababu hakuna mtoto asiyevijua. Ya pili ni ya vitu vya mtaani, nayo siifungui mpaka mtoto awe ameimaliza ya kwanza. Sasa zote mbili zilikuwa zimechanganyika miguuni pa viti. Niliziweka mezani rundo moja ovyo, nikaanza kuzitenganisha. Kadi ya juu ilikuwa ya mabasi mekundu. Kabla sijaiondoa, kidole kidogo kilitua juu yake.

"Mabasi," alisema Noëlla kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili." Akayapitia yote kwa kidole. "Tano."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Bwana Hemal aliinua kichwa. "Amesema ngapi?"

"Tatu na mbili," nikasema. "Tano."

"Amebahatisha."

"Basi abahatishe tena."

Niliacha utaratibu wangu. Nikachomoa kadi ya viatu: vinne na viwili. "Sita," alisema Noëlla, na ilikuwa sita. Nikachomoa ya miamvuli: mitatu na minne. "Saba." Mama Marie-Claire alitoka ukutani hatua moja. Bwana Hemal alinyoosha mkono, akalipekua rundo mwenyewe, akaweka mbele ya mtoto kadi ya mayai, mawili na mawili.

"Tano," alisema Noëlla.

Mama yake aliguna kama aliyechomwa.

"Ngoja," alisema Bwana Hemal. Alitafuta kadi ya ndizi, tatu na moja. Mtoto akasema tano. Akatafuta ya viti, vitatu na kimoja. Mtoto akasema vinne. Bwana Hemal aliweka kalamu chini. "Haiwezekani. Mtu hawezi kujua kujumlisha viti asijue kujumlisha ndizi. Tatu ni tatu."

"Noëlla," nikasema, "nionyeshe mayai yote. Kwa kidole, na kwa sauti. Moja baada ya jingine."

Alimtazama mama yake, kisha mimi. Akautoa mkono chini ya paja. Aligusa yai la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akitaja kila moja. Kisha kidole chake kilitoka nje ya kadi, kikapita juu ya meza, kikatua karibu na mkono wangu, juu ya mbao tupu.

"Tano," alisema.

"Hapo pana yai?"

"Hapana, Madame."

"Basi hilo la tano ni la nini?"

Alinikunjia uso kama tunavyomkunjia mtu mzima anayeuliza rangi ya maziwa.

"Ni ya matabishi."

Mama Marie-Claire aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bwana Albert alipasua kicheko kikubwa hata mtu wa kwaya akagonga mlango kuuliza kama tumemaliza.

"Bado!" Bwana Albert alimfokea kupitia mlango. "Imbeni nje!"

"Matabishi ni nini?" Bwana Hemal aliuliza.

"Nyongeza, bwana wangu," alijibu Bwana Albert. "Kwetu sokoni ukinunua mafungu mawili ya nyanya, muuzaji anayamwaga pamoja katika mfuko wako, halafu anakutilia moja ya juu. Hulipii ile. Asipokutilia, umemjua ni mchoyo. Kesho unapita mbele yake unaenda kwa jirani, tena unamsalimia ili aone unapita."

"Mama yangu, koko ya Noëlla, anauzishaka ku soko," Mama Marie-Claire alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi karibu kutosikika. "Bukavu. Nyanya, mayai, kila kitu ya kula. Noëlla njo alikuwa anamusaidia. Fungu na fungu unamwaga, unaongeza moja. Ile moja mama hakukuwa anaigusa. Alikuwa anasema mukono ya mutoto iko na baraka. Nilisikia kwa simu tu. Sikuwazia..." Hakumaliza.

Niliitazama kadi iliyokuwa kati yetu. Fungu huku, fungu huku, na mbele yake mtu mzima ameketi, mikono mezani, akingoja apewe. Nilikuwa nimechora somo la hesabu. Mtoto alikuwa ameona meza ya bibi yake. Mabasi na viti havikuwa bidhaa za bibi, basi hakuna aliyestahili kuongezewa.

Nilidhani mambo yamekwisha. Mama Marie-Claire naye alidhani hivyo. Alikuwa amekwisha kuufikia mkono wa mtoto. Lakini Bwana Hemal aliinuka, akaenda dirishani, akaitazama barabara.

"Naelewa," alisema hatimaye. "Kuliko mnavyofikiri. Hata kwetu Wahindi wa Kingsbury zawadi ya harusi haiwi kamili mpaka uweke pauni moja juu yake. Mama yangu akiona bahasha haina ile moja, anairudisha. Lakini mimi darasani sikuwahi kuiandika katika jibu. Nilijua wakati wa kuiweka na wakati wa kuiacha." Aligeuka. "Yeye anajua?"

Swali lilikuwa la haki.

"Jumatatu nitawaambia ni desturi," aliendelea. "Wataniuliza, basi mwambie aache, je, anaacha? Karatasi zetu za shule zina matofaa na keki na ndizi kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama hawezi kuacha, basi hata tuiite desturi, atakosa kila swali. Watamhamisha, na mimi nitakosa la kusema."

Nilimgeukia mtoto. "Noëlla, hesabu mayai tena. Safari hii usiweke matabishi."

Alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Batu banakasirika, Madame. Habarudie." Alinitazama kwa wasiwasi wa kweli. "Na weye utakasirika."

Mama yake alipiga magoti kando ya kiti. "Noëlla. Sikiliza, mama. Sema nne. Nne tu, basi."

"Koko anasemaka..."

"Koko haiko hapa!"

Neno hilo lilitoka kali kuliko alivyokusudia. Niliona uso wa mtoto ukifunga. Macho yakajaa, midomo ikabanwa, na baada ya muda sauti nyembamba ikatoka: "Nne." Alipoisema alikuwa akiutazama mkono wangu, kana kwamba amenidhulumu.

"Amesema!" Mama Marie-Claire aliruka juu. "Umesikia, Bwana Hemal? Amesema nne. Andika!"

Bwana Hemal alirudi mezani, akachukua kalamu.

"Usiandike," nikasema.

Wote walinigeukia, na sidhani kama walishangaa kunizidi mimi mwenyewe.

"Madame," alisema Mama Marie-Claire polepole, "uko upande ya nani?"

"Amesema kwa kuogopa. Jumatatu wewe hutakuwa pale. Ataketishwa mbele ya mwalimu mwingine, atawekewa matofaa, na yule mwalimu ataongezewa tofaa lake. Bwana Hemal atakuwa ameandika jambo ambalo halikuwa kweli, na hawatamsikiliza tena."

"Mutoto amesema nne, weye unakatala!" Alininyooshea kidole. "Kama wanamupeleka, nitakuja hapa, nitakuuliza weye. Si yeye. Weye."

"Uniulize," nikasema. Sikuwa na mpango wowote.

Bwana Albert alikohoa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha. Nilichukua kadi ya maembe, nikaiweka sawa na ukingo wa meza, nikaisogeza tena ingawa ilikuwa sawa. Ndivyo ninavyofikiri, kwa mikono. Nilijiuliza: muuzaji huhesabu lini bila kumpa mtu kitu?

"Noëlla. Asubuhi sana, batu habajafika bado, koko alikuwa anafanya nini?"

Alifuta pua kwa kiganja. "Anapanga."

"Na wewe?"

"Minahesabu."

"Ukihesabu asubuhi, unaweka matabishi?"

Aliduwaa, kisha karibu acheke. "Hapana! Ya nani? Batu habayafika."

Niliinuka. Nilikizungusha kiti changu hadi upande wake wa meza, nikakiweka ubavuni mwake, bega kwa bega. Nikamwomba Bwana Hemal akae nyuma yetu, na Mama Marie-Claire upande mwingine wa mtoto. Ng'ambo ya meza sasa kulikuwa na ukuta tu.

"Ni asubuhi," nikasema. "Soko halijafunguliwa. Tupange."

Noëlla aliutazama ule ukuta kwa muda. Kisha akaivuta kadi ya mayai karibu na tumbo lake, kwa namna ambayo sijawahi kuona mtoto akivuta kadi. Aliivuta kama mali yake.

"Mbili, na mbili," alisema. "Nne."

Nikampa maembe. "Tano." Nikampa nyanya. "Saba." Nikampa yai moja na yai moja, na hapo alinitazama kidogo, kama anayeshangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. "Mbili, Madame."

Bwana Hemal alifungua mkoba wake, akatoa karatasi za shule, zile zile zenye matofaa na keki, akazipitisha juu ya bega langu. Noëlla alizifanya moja baada ya nyingine. Kwenye keki, tano na nne, alisema nane.

Nilimsikia Mama Marie-Claire akizuia pumzi.

"Rudia kwa kidole," nikasema.

Alirudia. Keki ya pembeni alikuwa ameiruka. "Tisa."

"Hilo ni kosa la kawaida," alisema Bwana Hemal nyuma yetu, na nilijua kutokana na sauti yake kwamba kosa lile lilikuwa limemridhisha kuliko majibu yote yaliyotangulia. Kwa mara ya kwanza Noëlla alikuwa amekosea kama watoto wengine.

Lakini hakuwa amemaliza. Alisimama, akaizunguka meza, akavuta kiti, akaketi ng'ambo, mahali nilipokuwa nimeketi mwanzo. Mama Marie-Claire alifungua mdomo kumzuia. Nilimshika mkono.

Bwana Hemal alisogea mezani, akaiweka kadi ya maembe katikati. Aliweka viganja vyake mezani kama mnunuzi.

"Habari ya soko, mama?"

"Muzuri," alisema Noëlla. Mwili wake wote ulikuwa umekakamaa.

"Nataka haya, na haya. Kwanza niambie, hapa kwenye picha yako mangapi?"

Alimtazama. Akaitazama picha. Akamtazama tena, kisha mikono yake, na niliona mabega yake yakikaza. Nilitamani kumsaidia, nikauma ulimi.

"Tano," alisema.

"Na mimi unanipa mangapi?"

"Sita."

"Kwenye picha?"

"Tano." Sasa alisema haraka, kwa uchovu kidogo, kama anayemweleza mteja mgumu. "Ku picha iko tano. Weye nakupatia sita."

"Na mimi je?" Bwana Albert aliuliza kutoka mlangoni. "Mimi mteja wa zamani. Nipe saba."

"Hapana, Papa. Sita."

"Mchoyo huyu! Naenda kwa jirani!"

Noëlla hakucheka. Alimwangalia kwa makini, akaona kwamba hakuwa akiondoka kweli, akarudisha macho kwenye kadi zake.

Bwana Hemal alikusanya karatasi zake, akazirudisha katika mkoba, akaufunga. Alichukua koti lake. Alikuwa amezoea, nilivyomsikia kwenye simu, kutoa maamuzi kwa barua, siku zinazofuata, na kwa Kiingereza. Mlango ulifunguka na vichwa viwili vya kwaya vikachungulia, hakuna aliyevifukuza. Mama Marie-Claire alijiweka kati ya Bwana Hemal na mlango. Hakuwa akipaza sauti tena.

"Bwana Hemal. Usiende na ile jibu mu tumbo. Sema hapa, mutoto asikie."

Alianza neno la Kiingereza, akaliacha. Aliliweka koti kwenye kiti, akasimama wima mbele yetu, mbele ya vichwa vile mlangoni, na mbele ya Noëlla.

"Noëlla hahamishwi," alisema. "Anajua kujumlisha, nimemwona. Jumatatu nitawaambia kwamba anabaki darasani mwake, na kwamba kuanzia sasa atakayempima ataketi kando yake, si mbele yake. Wakipinga, waniite mimi. Wasimwite mama yake."